Madam wa Kozi ya Siku Moja

Alihama Migosi kwenda Migosi. Katika miaka niliyomjua mtaani humo alikaa karibu na shule, akakaa nyuma ya kanisa, akakaa kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga juu ya kinyozi, akaondoka, akarudi ploti ile ile upande wa pili, akaondoka tena. Kila mara alikuwa na sababu ambayo yeye mwenyewe aliiamini. Huku maji hupotea. Kule mbwa wa jirani hubweka alfajiri. Kule kwingine jua la mchana huingia jikoni. Mwenye mkokoteni alimzoea hivi kwamba akimwona anakuja mbio mbio alianza kukunjua kamba zake kabla ya kuulizwa. Vitu havikuwa vingi: kitanda, jiko la gesi, betri kuukuu, ndoo za vifaa, na mitungi ya vioo ambayo hakumwachia mtu. Hiyo aliibeba mwenyewe kifuani, akitembea mbele ya mkokoteni na kugeuka kila mara kuuliza kwa nini tunachelewa.

Tulimwita Madam. Mtaa mzima ulimwita hivyo, na mafundi wa sola, na wachomeleaji, na wavuvi waliomzidi umri. Jina lake nalijua lakini sitaliandika, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Wala sitachimbua kwao na ukoo wake. Alipofungua mdomo tu, kila mtu Kisumu alijua ametoka upande wa kati, kwenye baridi, na yeye hakuficha. Kijaluo alikisema kwa lafudhi iliyowachekesha kina mama wa sokoni, akakisema hivyo hivyo kwa kasi, akiacha nusu ya maneno njiani. Msimu mmoja wa kura, mambo yalipochemka, jamaa zake walimpigia simu wakimsihi aondoke. Akaondoka. Kabla hayajatulia tukamwona langoni na begi lake. Mama mwenye ploti alimuuliza kama ana akili timamu, naye akajibu kwamba ana kozi Jumatano.

Kozi zenyewe zilikuwa za watu wazima wenye kazi zao: betri na jinsi zinavyokufa, kutu na jinsi ya kuichelewesha, kupaka chuma kwa chuma kingine, mita za kupimia maji. Vyuoni mambo haya yana jina refu la kemia ya umeme. Yeye alisema anafundisha vile chuma hula na vile chuma huliwa. Kila kozi ilikuwa ya siku moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, katika ukumbi wa kanisa au banda la soko au popote penye meza na kivuli. Watu wa vyuo walimshauri aongeze siku. Walimwambia mambo ya betri peke yake ni muhula mzima. Hakubishana nao kuhusu muhula. Alisema tu kwamba siku mbili ni za wenye mshahara. Mchomeleaji akifunga kibanda siku moja, wateja wanamngoja. Akifunga ya pili, wamekwenda kwa jirani. Mama anayeuza samaki hana siku ya pili. "Mimi nafundisha watu walio na leo," aliniambia. "Kesho yao imeshachukuliwa."

Mimi ni mpimaji wa maji. Kazi yangu ni katika maabara ndogo ya mtambo mmoja wa kusafishia maji ya mji, na nilikutana naye kwanza nikiwa mwanafunzi wake, nilipotumwa kwenye kozi ya mita za kupima asidi majini. Nilidhani najua. Nilikuwa nimeshika mita hizo miaka. Alinitazama nikitumbukiza kipimo ndani ya bilauri, nikasoma tarakimu, nikaanza kukitoa, na akanishika mkono.  Tukasimama hivyo, mkono wangu ndani ya wake, tarakimu zikicheza juu na chini, zikapunguza kucheza, zikatulia mahali pengine kabisa. Ndipo akaniachia.

"Kipimo bila subira ni uvumi," akasema, akaenda meza nyingine.

Tangu siku hiyo akaniita Wewe wa Maji, na tangu siku hiyo, Jumamosi nikiwa sina zamu, nilimsaidia kubeba vifaa. Mume wangu aliniuliza napata nini huko.  Nilimwambia nafurahia kuona watu wazima wakishangaa.

Na walishangaa. Asubuhi alifunga misumari miwili, mmoja kwa waya wa shaba, mwingine kwa kipande cha zinki, akaizamisha kila mmoja katika mtungi wake wa maji ya chumvi, akaiweka dirishani na kukataza mtu yeyote kuigusa. Somo likaendelea. Baada ya chakula cha mchana mtu angetupia jicho dirishani, kisha mwingine, kisha ukumbi mzima unasimama. Mtungi wa shaba umegeuka rangi ya chai. Msumari wa zinki bado unang'aa. Mafundi wa boti walioona vyuma vyao vikiliwa miaka na miaka walisogea wakainama kama watu wanaotazama maiti ya mtu wanayemjua. Hapo ndipo alipowaeleza kwamba vyuma viwili vikikaa pamoja majini mmoja humlisha mwingine, na kazi ya fundi ni kuchagua nani aliwe. Sentensi hiyo niliisikia ikirudiwa hadi Port Victoria na watu ambao hawakuwahi kumwona.

Alikuwa na misemo mingi, na mingi ilikuwa ya kuchokoza. Kutu haina likizo. Betri haidanganyi, mwenye betri ndiye hudanganya. Fundi akianza maelezo marefu ya kwa nini alimimina maji ya ziwa ndani ya betri badala ya maji yaliyochujwa, alimwambia fupisha. Akirefusha tena, aliondoka katikati ya sentensi. Hakuweza kungoja mtu amalize, hakuweza kungoja gari lijae, hakuweza kungoja chai ipoe. Kutoka Migosi hadi mjini alitembea kwa miguu kwa sababu kusimama stejini kulimuuma. Mtu huyo huyo mbele ya mita aliganda kama nguzo. Nilimwona amesimama juu ya bilauri ya maji wakati mvua inaingia dirishani na kumlowesha bega, asisogee mpaka tarakimu zitulie. Nilishindwa kuelewa subira hiyo aliitoa wapi na kwa nini haikumtosha hata kwa chai.

Mlango wa kozi ulifungwa saa mbili kamili. Mzee wa ukumbi aliagizwa amfungie nje yeyote anayechelewa hadi mapumziko ya chai, hata awe nani. Siku moja, kwa sababu ya kuhama, aliyechelewa alikuwa yeye. Mzee wa ukumbi alimwona dirishani, akatutazama tuliokuwa ndani, hakujua afanye nini. Madam akatikisa kichwa kumkataza asifungue. Alizunguka ukumbi ule nje, mzunguko baada ya mzunguko, tukimwona akipita dirisha hadi dirisha, hadi saa ya chai. Ndani, mchomeleaji mmoja aliyekuwa amehudhuria kozi hiyo hapo awali alisimama akaanza kufundisha alichokumbuka. Madam alipoingia alimwacha aendelee. Alimsahihisha mahali pamoja tu.

Vyeti navyo. Alivitoa saa kumi, na alijua wengi walikuja kwa ajili ya karatasi hiyo kuliko elimu. Bwana mmoja wa mtaa wa Kondele anayechaji betri za watu alisinzia mchana kutwa, akasimama kwenye foleni ya vyeti na wenzake. Madam akamnyima mbele ya watu wote. Yule bwana aliondoka akimtukana kwa Kijaluo, akidhani Madam hasikii, na alisikia kila neno. Wiki iliyofuata Madam alinichukua hadi kibanda cha yule bwana Kondele. Akamkuta kazini, akajitambulisha kama hawajawahi kukutana, akamfundisha pale pale kati ya wateja kazi nzima ya kupima nguvu ya asidi, kisha akatoa cheti mkobani kikiwa kimeandikwa tayari. Njiani kurudi alikuwa na hasira na nafsi yake, anasema amepoteza mchana mzima kwa mtu mmoja.

Jambo moja lilitushangaza sote. Aliishi mwendo mfupi kutoka ziwani, akafundisha wajenzi wa boti, wauza samaki na wafugaji wa samaki, lakini hakuwahi kupanda boti. Kwenye fukwe alisimama pale mchanga mkavu unapoishia. Wavuvi wakimtania alisema boti anazijua kwa upande wa chini, juu ya maji ni kazi yao. Niliona mara moja wimbi dogo likimgusa kiatu, akaruka nyuma na uso wake ukabadilika kabisa. Sikumuuliza.

Sasa nieleze habari ya Asembo Bay, ambayo wengi huisimulia vibaya.

Kikundi cha akina mama pale kilikuwa na vizimba vya samaki, zile nyavu kubwa zinazoelea ndani ya ziwa zikiwa zimejaa ngege, yaani perege, wa kufugwa. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Akinyi, mjane mpole mwenye mwili mkubwa, mtu wa maneno machache. Walikuwa wamewahi kuuza mavuno na kulipa karo, na walikuwa wanangoja mengine makubwa zaidi. Shirika moja likawanunulia mita ya kupima hewa ya oksijeni ndani ya maji, likamlipa Madam awafundishe kuitumia. Kwa kawaida ningekuwepo, lakini siku hiyo nilikuwa zamu. Nilijua tu kwamba kozi ilifanyika, vyeti vikatolewa, na Madam alirudi Migosi amelowa.

Mita ile ina kichwa chenye utando mwembamba, na nyuma ya utando kuna maji maalumu. Hewa ikiingia hapo, ikabaki kiputo, mita inaendelea kusoma kama kawaida. Inaweza kusoma vizuri hata wakati maji yenyewe yamekufa. Mtu anayejua huinua kichwa hicho kwenye mwanga, akikagua kabla ya kupima, kila siku.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Madam alikuwa mjini akifundisha mafundi wa sola. Simu ikaita katikati ya somo. Hakuwa na desturi ya kupokea, lakini aliona ni nani akapokea. Watu waliokuwepo walinisimulia kwamba alisikiliza, akaiweka simu mezani, akawaambia waende nyumbani, watarudi siku nyingine. Hakuwa amewahi kuvunja kozi. Mafundi walikaa pale wakitazamana, vyombo viko mezani, hawajui kama ni mtihani.

Alinijia kazini. Nilimwona kupitia dirisha la maabara akivuka uwanja, na nilijua kuna msiba. Aliniambia samaki wa Asembo wamekufa wote na anataka niende naye. Nilimwomba msimamizi wangu ruhusa huku nikivua koti jeupe.

Tulianza kusikia harufu kabla hatujaliona ziwa. Ufuoni walikuwa wamejaa korongo na mbwa. Akina mama walikuwa wanachimba shimo, kanga zimefungwa kiunoni, na marundo ya samaki yalikuwa yametandazwa mchangani, matumbo meupe juu, wengine wakiwa wamebakiza muda mfupi tu kufikia kuuzwa. Hakuna aliyelia. Walitusalimia. Lakini hakuna aliyetutafutia kiti, hakuna aliyetuletea hata maji ya kunywa, na yeyote aliyewahi kufika kwenye boma la Mjaluo anajua ukimya wa namna hiyo unasema nini: hukaribishwi.

Mama Akinyi akaweka jembe chini. Alizungumza taratibu, bila kuinua sauti.

"Madam, wewe ulituambia mashine ikisoma juu ya tano, samaki iko sawa. Jana jioni ilisoma sita. Sisi tukaona iko sawa, tukaenda kulala."

Madam aliomba kuiona mita. Ilikuwa kwenye kizimba, wameifunga kule walikozoea kupimia. Mwanamke mmoja akajitolea kuifuata. Madam akasema hapana, anataka kuiona ilivyo, ilipo. Akavua viatu. Nilimtazama akiingia majini hadi magotini akiwa ameuma meno, akashika ubavu wa boti, akashindwa kupanda, akajaribu tena. Mama Akinyi ndiye aliyemshika kwapani akamwinua. Ndani ya boti alipiga magoti kwenye maji ya chini, mikono ameshika pande zote mbili, macho ameyafumba, na hivyo ndivyo alivyokwenda hadi vizimbani, Mama Akinyi akipiga kasia na mimi nikiwa nyuma. Midomo yake ilikuwa inacheza. Labda alikuwa anasali. Labda alikuwa anahesabu makosa.

Kule alifungua macho. Akachukua kichwa cha mita, akakiinua kwenye jua. Kiputo kilikuwa pale, cha ukubwa wa punje ya mtama. Nilikiona na Mama Akinyi alikiona, ingawa hakujua alichokiona.

Nikasema haraka, kabla yeye hajasema. Nilisema ziwa limejigeuza. Maji mazito ya chini yasiyo na hewa yamepanda juu, jambo hili hutokea, na hata mita ingesoma sawa pengine wasingekuwa na muda wa kuokoa chochote. Na huo ulikuwa ukweli. Bado nauamini.

"Ni kweli," Madam akasema. "Lakini si yote."

Tuliporudi nchi kavu aliwaita wote. Alisimama mbele yao miguu mitupu, gauni linatiririka maji, ameshika kile kichwa cha mita. Akawaeleza kwa Kijaluo chake kibovu, na pale kilipomshinda akatumia Kiswahili. Aliwakumbusha siku ya kozi mvua ilivyopiga mabati mpaka hawakusikizana, wakangoja, mvua haikuisha, na saa zikaenda. Kulikuwa na sehemu ya mwisho ya somo, ya kukagua kiputo. Aliona muda umekwisha na magari ya kurudi yanaondoka, akairuka. Aliwapa vyeti bila sehemu hiyo.

"Hii sikuwafundisha," akasema. "Niliiruka mimi. Ninyi mlifanya kila kitu nilichowaambia."

 Kisha Mama Akinyi akauliza swali ambalo limenikaa kichwani hadi leo.

"Sasa unatuambia ili iwe nini?"

Madam alikitazama kile kichwa cha mita mkononi mwake.  Mama Akinyi akangoja kidogo, akaokota jembe, akarudi kwenye shimo. Sisi tukaanza kuwasaidia kuzika. Hawakutukataza.

Afisa wa shirika alikuja siku chache baadaye. Alikuwa mtu mwema, sina neno baya juu yake. Alitaka Madam akubali kusema kilichoua samaki ni ziwa, basi, ili vikundi vingine visipoteze imani na mita. Alimwambia nusu ya ukweli iliyosalia haitamfufulia mtu samaki hata mmoja. Madam akajibu kwamba atasema yote mawili popote atakapoulizwa, ziwa na kiputo, na hatasema moja bila jingine. Hakukuwa na ugomvi. Waliagana vizuri. Ila hawakumwita tena, na mashirika husikilizana. Zile kozi za ukumbini zenye chai na vyeti zikapungua, zikakoma.

Nilimkasirikia kwa muda. Nilifikiri wale akina mama wangelala vizuri zaidi wakilaumu ziwa, ambalo halina uso, kuliko kumlaumu mtu wanayeweza kukutana naye barabarani. Nilimwambia hivyo tukiwa tunafunga mizigo, maana alikuwa anahama tena. Alisema huenda. Akaniuliza kama nimeshika upande wangu wa kitanda.

Watu husema alibadilika. Mimi sikuona mabadiliko makubwa. Aliendelea kutembea mbio, kukatiza watu, kugombana na mwenye maji. Lakini alianza kwenda fukweni mwenyewe bila kualikwa na mtu, na mara moja nilifuatana naye hadi Port Victoria, kwa wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wanaotumia taa za betri. Alifundishia kwenye banda la kupimia samaki. Safari hii hakuwaonyesha. Kila mtu ilibidi afanye kwa mikono yake, na asiyeweza alirudia, na wenzake wakangoja. Jioni ilipofika hawakuwa wamefika hata nusu. Nikamwona anatazama jua, kisha anatazama watu, na akasema maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kwake.

"Kesho tuendelee."

Wakaitikia kwa heshima. Tulilala kwa familia moja ya kanisa. Asubuhi tulipanga vifaa, tukangoja. Akaja mtu mmoja, mzee mwenye kikohozi ambaye alikuwa ameacha kuvua. Wengine walikuwa wakianika omena, kuuza, kushona nyavu. Niliwaona kwa mbali wakitukwepa kwa aibu. Madam hakulalamika. Alimfundisha yule mzee mpaka mwisho, hatua kwa hatua, kana kwamba banda limejaa, na mzee akaenda nyumbani akijua kila kitu kuhusu taa ambazo hakuwa nazo.

Njiani akaniambia alikuwa sahihi kuhusu siku na amekosea kuhusu somo. Sikuelewa hadi nilipoona alichofanya baadaye. Alirudi kwenye siku moja. Lakini tangu hapo kila siku moja ilikuwa na kitu kimoja tu. Siku ya kujaza maji ya betri. Siku ya kufunga zinki kwenye boti. Siku ya kuinua kichwa cha mita kwenye jua na kutafuta kiputo, na hiyo aliifundisha katika kila ufuo wenye vizimba, kuanzia na habari ya Asembo, bila kuficha aliyeiruka ni nani. Watu walimshauri aache sehemu hiyo ya hadithi. Aliwajibu kwa kuwaambia wafupishe.

Kisha mtambo wetu ukanihamisha kwa muda, mimi nikawa na mtoto wa tatu, na yeye akahama Migosi, safari hii bila kurudi Migosi. Wengine walisema yuko Bondo. Wengine walisema amerudi kwao. Simu yake ilikuwa inaita bila kupokelewa, lakini hilo halikuwa jambo geni.

Mwaka huu, kabla ya mvua, nilitumwa Asembo kuchukua sampuli za maji. Nilikuwa nimemaliza, nimepanga chupa zangu kwenye sanduku la barafu na nangoja gari la ofisi kando ya barabara, nilipoona mtu anapanda kutoka upande wa ziwani kwa mwendo ambao ningeutambua hata kwa kivuli. Mguu mmoja ulikuwa unachelewa kidogo kufuata mwingine, naye alikuwa anaukimbiza. Nywele zote nyeupe. Mwavuli mkononi, umefungwa, jua kali.

Hakunisalimia. Aliniuliza, "Wewe wa Maji, vile vipimo vyako unavikausha au unavihifadhi na unyevu?"

Nikamwambia navihifadhi na unyevu. Akaridhika. Ndipo akanishika mikono yote miwili, akauliza watoto, akauliza mume, akasikiliza majibu nusu nusu, macho yakiwa barabarani. Nilimuuliza kama ametoka kufundisha. Alisema hapana, ametoka kwa Mama Akinyi.

Kikundi kile hakikurudi kwenye vizimba. Mama Akinyi anakausha na kuuza omena, anafanya vizuri kiasi. Madam humwendea kila anapopita upande huu, na amekuwa akifanya hivyo miaka yote tangu siku ya lile shimo. Mwanzoni Mama Akinyi alibaki ndani na kuwaambia watoto waseme hayupo, Madam akasimama langoni, akasema ametoa salamu, akaenda zake. Baadaye Mama Akinyi akawa anatoka hadi mlangoni. Baadaye akawa anaitikia.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa hunipa kiti." Alisema hivyo kwa uangalifu, kama mtu anayesoma tarakimu. "Tunakaa. Yeye anachambua omena, mimi naangalia. Chakula bado."

Nikatazama chini. Miaka yote hiyo kwenye boma lile, na hajaonjeshwa hata kipande cha ugali. Nilitaka kusema neno la kumtuliza, kwamba labda Mama Akinyi ana yake, labda ni mazoea tu, lakini nilijua atanikatiza. Nikamuuliza badala yake siku Mama Akinyi akimwekea chakula atafanya nini.

Alinitazama kama mwanafunzi aliyeuliza jambo lililo wazi mno.

"Nitakula," akasema.

Gari lilikuwa linakuja kutoka upande wa Bondo, bado liko mbali. Hakulingoja. Akavuka barabara, akaanza kutembea.